Barua kwa wahasibu vijana wanaotaka kukimbilia shahada ya pili ughaibuni

Wanangu,

Kila vyuo vinapotoa matokeo, simu yangu hujaa ujumbe unaofanana: "Shikamoo mzee, nimemaliza shahada ya uhasibu, nimepata nafasi ya uzamili wa uhasibu na fedha za kimataifa Uingereza, unanishauri nini?" Nawajibu wote kwa pamoja, maana jibu langu ni moja. Nendeni, lakini msiende sasa. Fanyeni kazi kwanza, malizeni mitihani ya Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu (NBAA), ndipo mpande ndege.

Wengi wenu mnaamini uhasibu wa kimataifa uko ng'ambo. Uko hapa tangu wengi wenu mkiwa wadogo. NBAA iliagiza viwango vya kimataifa vya taarifa za fedha, IFRS, vitumike Tanzania kuanzia Julai 2004, na Kenya walitutangulia mwaka 1999. Kanuni anayoifuata mhasibu wa London kuandika pango la jengo, ndiyo anayoifuata mwenzake wa Mwanza. Mkifika huko mtafunguliwa kitabu kilekile mlichokisoma vyuoni IFM, Mzumbe au Arusha, na faida mtakayoipata itategemea mnachoingia nacho darasani.

Viwango hivi vinaweka misingi, kisha vinamwachia mhasibu aamue. Tazameni chai. Hadi mwisho wa 2015, IAS 41, kiwango cha kilimo, ilitaka mchai wenyewe upimwe kwa thamani ya soko kila mwaka, na ongezeko liingie kwenye faida. Kampuni yenye mashamba Mufindi ingeweza kutangaza faida iliyotokana na michai ambayo haikuwa na nia ya kumuuzia mtu yeyote. Kuanzia Januari 2016 mambo yakabadilika. Mchai sasa unahesabiwa kama mtambo, kwa kawaida kwa gharama yake, na thamani yake hupunguzwa mwaka hadi mwaka kwa ajili ya uchakavu. Majani yanayosubiri kuchumwa ndiyo yanayoendelea kupimwa kwa bei ya soko, ukiondoa gharama za kuuza.

Hayo mtayaandika kwenye mtihani na mtapata alama. Lakini uchakavu unaanza kuhesabiwa lini? Mchai ukishakomaa, kitabu kinasema. Umekomaa lini? Hapo kitabu kinanyamaza, na hakina namna. Mchai hupandwa, hukatwa ili utandae, hungojewa miaka kadhaa kabla ya kutoa majani ya kutosha kupeleka kiwandani. Na utaishi miaka mingapi, thelathini au sitini? Anayejua ni msimamizi wa shamba, na baada yake ni mkaguzi aliyepita kati ya mistari ya chai, akauliza, akapekua kumbukumbu za kilo zilizochumwa kila kitalu. Mkaguzi huyo akikaa darasani Leeds au Manchester, somo likifika hapo ana la kuuliza na ana la kufundisha wenzake. Asiyewahi kufika shambani atanakili tu maelezo ya mwalimu.

Mikopo nayo ni hivyohivyo. Tangu Januari 2018, IFRS 9, kiwango kinachohusu mikopo, inaitaka benki ikadirie hasara inayotarajiwa tangu siku inapotoa mkopo, isingoje mkopo uharibike. Kiwango kinachukulia kwamba mkopo uliochelewa siku 30 hatari yake imepanda sana, na uliochelewa siku 90 umeshindikana, isipokuwa benki iwe na ushahidi wa kupinga hivyo. Haya, mkulima wa korosho wa Mtwara ambaye mkopo wake hurejeshwa mara moja kwa mwaka, baada ya mnada, siku zake 30 mtazihesabu kuanzia wapi? Mwaka uleule wa 2018 wakulima walikataa bei za wanunuzi binafsi, na Novemba Rais Magufuli akaagiza Serikali inunue korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Wakulima wengi walingoja malipo kwa miezi. Kwenye kompyuta ya benki, mkopo kama huo huonekana mzima mpaka tarehe ya marejesho ifike. Afisa anayefuatilia minada huiona hatari mapema zaidi, na kiwango kinamtaka aihesabu. Ujuzi huo hupatikana kwa kukaa na mikopo ya wakulima msimu baada ya msimu.

Tena msizidharau kazi za kuanzia. Mnalalamika mkitumwa kuhesabu stoo au kufuatilia barua za benki za kuthibitisha salio. Mwaka 2020 kampuni ya Wirecard ya Ujerumani ilikiri kwamba euro bilioni 1.9 zilizokuwa kwenye vitabu vyake pengine hazikuwahi kuwapo. Benki mbili za Ufilipino zilizodaiwa kuzitunza zilisema nyaraka za kuonyesha hivyo ni za kughushi. Kuandika moja kwa moja kwa benki na kusubiri jibu litoke kwa benki yenyewe ni kazi ya kijana wa ngazi ya chini kabisa ofisini. Ifanyeni kwa moyo.

Sasa fedha, jambo linaloniuma. Naona wazazi wanauza kiwanja, mama anakopa kwenye kikundi chake, ili mtoto akasome mwaka mmoja. Jueni mnachonunua. Tangu Januari 2024, anayekwenda Uingereza kwa uzamili wa darasani haruhusiwi kuandamana na mwenza wala watoto, isipokuwa wachache wenye ufadhili wa serikali. Muda wa kubaki kutafuta kazi ni miaka miwili, na kwa watakaoomba kuanzia Januari 2027 ni miezi 18. Katika muda huo mwajiri atawauliza mmefanya kazi wapi. Mkirudi nyumbani, shahada peke yake haiwapi haki ya kutia sahihi ripoti ya ukaguzi. Hiyo inataka usajili wa NBAA. Hata ACCA, chama cha wahasibu cha Uingereza, haimpokei mtu uanachama bila miezi 36 ya kazi iliyosimamiwa, hata akifaulu karatasi zote.

Baada ya miaka mitatu minne kazini mtajua wenyewe mnapungukiwa nini. Wa bima atataka kuzama kwenye IFRS 17, kiwango cha mikataba ya bima, iliyoanza Januari 2023 na inayomlazimu mhasibu kuelewana na wataalamu wa takwimu za bima. Mwingine atafuata taarifa za uendelevu na tabianchi, yaani viwango vya IFRS S1 na S2 vya Juni 2023, au namna ya kuikinga kampuni dhidi ya kuyumba kwa dola. Huyo akiniomba barua ya udhamini, nitaiandika usiku huohuo.

Mwenye barua ya udahili mkononi asiichane. Aandikie chuo aombe kuahirisha, na aulize kwa maandishi ni karatasi zipi za kitaaluma atasamehewa akihitimu. Wakati huo ajisajili kwa mitihani ya Bodi. Hufanyika Mei na Novemba. Na aliyekosa pa kuanzia kazi aniandikie. Ofisi ndogo za ukaguzi hutafuta vijana wa kuhesabu stoo mwishoni mwa Desemba, na zile ninazofahamiana nazo nitawaombea nafasi.

Mzee wenu,
Mkaguzi mstaafu, Dar es Salaam