Hedseti za VR kila nyumba? Mwandishi wenu aje kwanza kibandani kwangu Bombo

Mhariri,

Nasoma gazeti lenu tangu zamani, siku zile linatufikia hapa Bombo, Uganda, saa nane mchana likiwa limeshasomwa na konda na nusu ya abiria, na sijawahi kuwaandikia hata mstari mmoja. Mlipoandika kwamba vibanda vya video vinaharibu watoto nilinyamaza. Lakini ile habari ya juma lililopita, ile yenye picha ya kijana amevaa hedseti ya VR, ile miwani mikubwa inayokufunga macho na kukuonyesha dunia ya kompyuta, anacheka peke yake, imenikaa kooni. Eti miaka michache tu kila familia itakuwa na yake na sisi wenye vibanda tuanze kutafuta kazi nyingine. Mhariri, mimi hedseti ninayo. Iko juu ya kabati imefungwa ndani ya kaveera, mfuko wa plastiki, na nataka mjue ilifikaje huko.

Nilinunua kwa kijana wa shemeji yangu aliyerudi kutoka Dubai, shilingi 1,300,000, hela niliyokuwa nimeweka ya kubadilisha mabati ya kibanda. Nikaandika ubaoni dakika 10 kwa 2,000. Wiki ya kwanza watu walijaa, sikatai, hata wanajeshi walikuja wakiwa na ruhusa yao ya Jumamosi. Halafu mambo yakaanza. Joto la mchana chini ya mabati mnalijua, lenzi zinaingia ukungu, sponji inalowa jasho la mtu na anayefuata anaikataa, na haki yake. Dada mwenye nywele za kusuka akajaribu mikanda ikagoma, akina mama wa hijabu ndio kabisa hawakutaka kuvuliwa mbele ya watu. Mtoto mmoja akatapika dakika ya nne, na nesi mmoja ambaye ni mteja wangu akanieleza kwamba macho yanaambia ubongo unakimbia na sikio la ndani linasema umekaa kwenye benchi, sasa mwili unachanganyikiwa. Yote hayo nilivumilia. Kilichonimaliza ni siku ile mwendesha boda mmoja alikaa akaweka simu mapajani, akavaa, akaanza kupiga kelele kwa furaha kwamba anaruka juu ya milima, watu wanamcheka, na alipovua simu haikuwepo. Watu zaidi ya 30 ndani ya kibanda na hakuna aliyeona kitu, au hakuna aliyetaka kusema. Yule bwana alilia, mhariri, mtu mzima, kwa sababu namba za wateja wake zote zilikuwa mle na hela yake ya wiki ilikuwa mle. Nikamlipa 400,000 kutoka mfukoni kwangu kwa sababu kibanda ni changu na kiti ni changu. Toka siku ile hakuna aliyekubali kuvaa tena, na hata mimi nikaona ni sawa, kwa sababu kitu kinachokufunga macho katikati ya watu kinakuacha mikononi mwa kila mtu na hujui nani ni nani.

Hapo ndipo mwandishi wenu alipopotea. Yeye amehesabu bei tu, anasema zikishuka bei basi zitaenea. Bei ilishashuka! Hedseti ya Facebook inayoitwa Quest 2 ilitoka 2020 kwa dola 299, na ile ya Apple ikatoka 2024 kwa dola 3,499, ambazo kwa hapa ni zaidi ya shilingi milioni 12, na zote mbili, ya bei ndogo na ya bei kubwa, zimekutana na shida ileile. Ni nusu kilo au zaidi usoni, betri masaa mawili hivi, na aliyekaa pembeni yako haoni unachokiona. Mtu wangu analipa 1,000 siyo kuona picha tu, analipa kumsikia VJ, yule msimulizi wa filamu, akitafsiri, kubishana na jirani, kuruka wote Arsenal ikifunga. Ukimvalisha kila mmoja lake umemuuzia upweke kwa bei ya ng'ombe.

Na ahadi hii siyo mpya. Nintendo walileta Virtual Boy yao 1995 wakaiondoa sokoni chini ya mwaka. Facebook ikanunua Oculus, kampuni ya hedseti hizi, mwaka 2014 kwa dola kama bilioni 2 tukaambiwa sasa ndiyo imefika. Mwaka 2023 peke yake kitengo chao hicho kilipata hasara ya zaidi ya dola bilioni 16. Tena kumbukeni korona, dunia nzima imefungiwa ndani, na hapa kwetu shule zilifungwa, zote au baadhi ya madarasa, Machi 2020 mpaka Januari 2022, kama kuna wakati watu wangehitaji kutoka nyumbani bila kutoka ndio ule. Watoto wangu walisoma kwa redio. Mobail mani ilikuja 2009 na hakuna mwandishi aliyehitaji kutubembeleza, mama muuza nyanya aliijua kabla ya benki kumaliza kushangaa. Kitu cha watu kinajulikana.

Halafu mnaongelea dunia ya mtandaoni utafikiri tuna mtandao. Mwaka 2018 tulilipishwa 200 kila siku kuingia kwenye soshio midia, 2021 wakaitoa wakaweka asilimia 12 kwenye bando. Facebook yenyewe imefungwa hapa tangu Januari 2021 wakati wa uchaguzi, tunaingia kama wezi kwa VPN, programu ya kuficha uko nchi gani, na Quest 2 ilipotoka ilikuwa haiwaki bila akaunti ya Facebook! Hilo, gazeti lenu halikuligusa hata kidogo na ndilo lingemsaidia kijana anayetaka kutoa hela yake. Mimi nimelipa leseni, nimelipa kodi, nalipa stima, stima ikikatika kipindi cha pili cha mpira narudisha hela za watu, na hakuna anayekuja kuniandika siku hiyo.

Sisemi hedseti hazina kazi. Daktari anayejifunza kupasua, rubani, fundi wa mitambo, hao waitumie na serikali iwanunulie, nitafurahi. Ninachokataa ni kuwaambia wazazi wa Bombo na Wobulenzi kwamba watoto wao watabaki nyuma wasiponunua, kwa sababu kuna mzazi atauza mbuzi.

Naomba mambo mawili. Kila mkiandika kifaa kipya wekeni bei yake kwa shilingi ikiwa na ushuru, uzito wake kwa gramu, betri inakaa masaa mangapi, na kama kinafanya kazi hapa Uganda bila VPN. Na mwandishi wenu aje Jumamosi, avae yangu kuanzia filimbi ya kwanza mpaka ya mwisho, dakika 90, akiwa amekaa benchi la mbele pamoja na watu. Simu yake nitamshikia mimi mwenyewe. Nitaichaji Ijumaa usiku, stima ikikaa.

Mwenye kibanda cha video,
Bombo