Kisahani kimoja kwanza

Minneapolis, Mei

Swahiba wangu,

Salamu nyingi kwako na kwa wote hapo Columbus. Sisi huku tunashukuru, theluji imeondoka na viwanja vya mbugani vimejaa watu.

Umeniuliza kuhusu gofu ya visahani, ule mchezo wa kurusha kisahani hadi kwenye kikapu: uchukue kisahani kipi, Teebird, Leopard au Firebird. Zote ni draiva za feawei, yaani visahani vya kurusha mbali kiasi, za kampuni ya Innova, na zile namba nne zilizochapwa juu zinasomwa hivi: kasi, kuelea, kupinda katikati ya safari, kurudi mwishoni. Firebird ni 9, 3, 0, 4. Hiyo iache kwa sasa. Upepo haiujali, lakini mkono ambao haujazoea utaiona ikikata kushoto na kuanguka mapema. Leopard ni 6, 5, -2, 1, nayo ni rahisi mno: wewe wa mkono wa kulia ukirusha kwa nyuma ya mkono, itaegemea kulia na kuelea vizuri. Ikikutana na upepo wa mbele, basi, itapinduka na kukimbilia vichakani.

Teebird, 7, 5, 0, 2, inanyooka kisha inarudi kushoto kidogo. Ndiyo ningekununulia.

Lakini hao wauzaji wanazungumzia namba tu, plastiki wanaipita haraka, na humo ndimo mambo yalimo. Teebird ya plastiki ya DX ni ya bei ya chini na inashikika vizuri, ila kila ikigonga mti ukingo wake unachubuka, na kadiri unavyochubuka ndivyo inavyozidi kupinda kulia. Ikicheza msimu mzima kwenye miti, inaanza kuruka kama Leopard. Ya plastiki ya Champion haichakai upesi, tatizo ni utelezi: ikilowa, au baridi ikikaza, vidole havina pa kushika. Plastiki ya Star iko katikati, inadumu na bado ina mshiko.

Kwa hiyo anza na Teebird ya Star. Ukibakiwa na chenji, ongeza Teebird ya DX, siyo aina nyingine. Hiyo ya DX ipige kwenye miti bila huruma. Ikichakaa usiitupe wala usimpe mtoto wa jirani, maana hapo utakuwa na moja ya kunyooka na nyingine ya kupinda kulia, na mkono wako utakuwa umezoea ukingo uleule. Mtu mwenye mfuko wa draiva kumi tofauti simwonei wivu hata kidogo.

Uzito tafuta gramu 165 hadi 170; 175 itakuchosha bure. Utakutana pia na zenye herufi KC, za Ken Climo, bingwa wa dunia mara 12. Nzuri, ila usiongeze dola kwa ajili ya herufi.

Rangi chagua ya waridi au chungwa. Ya kijani utaitafuta kwenye nyasi mpaka magharibi.

Nijibu ukishanunua. Shemeji msalimie sana.

Wako,
Yuleyule wa Minnesota