Yah: Kuhesabiwa kuwa nimeafiki mkutanoni Amsterdam

Wakala Mkuu,
Kirumba, Mwanza.

22 Juni 2026

Mkurugenzi wa Ushirikiano,
Makao Makuu, Amsterdam.

Ndugu Mkurugenzi,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Tarehe 15 Juni mlitutumia taarifa ya mkutano wa washirika uliofanyika hapo kwenu tarehe 9 hadi 11 Juni. Ukurasa wa tatu unasema washirika wa Afrika Mashariki walihudhuria kikao cha siku ya kwanza na kuafiki utaratibu mpya wa malipo, yaani wa kuwarudishia mawakala fedha wanazowalipa wateja wenu. Orodha ya waliohudhuria ina jina langu. Naandika kuwaambia kwamba sikuwemo kwenye kikao hicho, sikuulizwa, na sijaafiki. Jina langu litoeni.

Kikao kilianza saa nane mchana Jumanne. Kwa saa za Dar es Salaam ilikuwa saa tisa, nami nilikuwa nimeketi kwenye benchi la kituo cha maombi ya viza, karatasi ya namba mkononi, nasubiri kurudishiwa pasipoti. Niliondoka uwanja wa Julius Nyerere usiku huo. Muhuri wa uhamiaji na tiketi ya ndege nimeviambatanisha, mjionee wenyewe.

Kuchelewa huko kulianzia kwenu. Barua ya mwaliko niliiomba tarehe 2 Machi, siku mliyofungua usajili. Nilikumbusha mara tatu. Kila mara nilijibiwa kwamba "inashughulikiwa". Ikaja Ijumaa tarehe 22 Mei. Ninyi mko ndani ya Schengen, eneo la nchi za Ulaya zenye viza moja, na mnajua masharti yake: ombi lipelekwe si chini ya siku 15 kabla ya safari, na jibu linaweza kuchukua siku 15 nyingine, au hata 45 wakitaka kuchunguza zaidi. Jumatatu tarehe 25 nilipanda ndege kutoka Mwanza kwenda Dar es Salaam kutoa alama za vidole. Nilikuwa nimefika kwenye siku ya mwisho kabisa ya zile 15. Nililipa ada ya yuro 90, nikakata bima ya safari ya yuro 30,000 kama inavyotakiwa, nikapeleka taarifa za benki za biashara yangu. Ningeipata barua mwezi Machi, Jumanne ile ningekuwa mbele yenu.

Nilipofika Jumatano asubuhi, beji niliyopewa ilisomeka "Nairobi, Kenya". Kijana wa mapokezi aliomba radhi kwa adabu na kuniandikia nyingine kwa mkono, namshukuru. Lakini beji ile niliikumbuka kwenye wasilisho la mchana wake, ambapo Afrika Mashariki yote ilichorwa soko moja, rangi moja. Kwetu Tanzania mteja anatuma fedha kutoka mtandao mmoja wa simu kwenda mwingine tangu mwaka 2014, na leo mfumo wa TIPS wa Benki Kuu unahamisha fedha papo kwa papo kati ya benki na mitandao. Anayepanga utaratibu wa malipo ya nchi yetu anapaswa kuyajua hayo kabla ya kupanda jukwaani.

Sasa nije kwenye utaratibu wenyewe, kwa sababu ndiyo unaoninyima usingizi.

Kwa miaka minne tumefanya kazi hivi: ndugu aliye Ulaya anatuma kupitia kwenu, wakala wangu Mwanza anamlipa mpokeaji kwa fedha yake mwenyewe, nanyi mnamrudishia jioni ya siku hiyo hiyo. Kuanzia Agosti mnataka kurudisha baada ya siku mbili za kazi. Kwenye skrini siku mbili zinaonekana ndogo. Naomba mje mzitazame Mwaloni, soko la dagaa pale Kirumba.

Dagaa wa Ziwa Victoria wanavuliwa kwa taa, usiku wa giza. Mwezi ukiwa mpevu mitumbwi inapumzika, na mwaloni unapoa. Giza likirudi, magunia yanashuka kutoka visiwani kwa mfululizo, wanunuzi wanafika mpaka kutoka Kongo, na kila mtu anataka fedha taslimu kabla jua halijazama. Wakala wangu mmoja, mama mwenye kibanda cha mbao karibu na mizani, huanza asubuhi ya Ijumaa akiwa na milioni nne kwenye kisanduku chake. Saa nne kamili kisanduku kimebaki na sarafu. Zamani alijua jioni floti, yaani fedha yake ya kulipia wateja, inarudi na Jumamosi atafungua kibanda. Kwa utaratibu wenu fedha ya Ijumaa itarudi Jumanne. Jumamosi yote, siku kubwa kuliko zote mwaloni, atakuwa anawaambia watu "floti hakuna". Mteja akishasikia neno hilo anahamia kibanda cha jirani, na wiki inayofuata anaanzia huko huko.

Tena mmeandika kuwa siku ya kazi ni ile ambayo si sikukuu Tanzania wala Uholanzi. Nimekaa na kalenda ya mwaka 2027. Sikukuu ya Muungano, 26 Aprili, inaangukia Jumatatu. Kesho yake, tarehe 27, ni Siku ya Mfalme kwenu. Atakayemlipa mteja Ijumaa tarehe 23 ataiona fedha yake Alhamisi tarehe 29. Siku sita! Hakuna mama wa Kirumba mwenye mtaji wa kulala siku sita.

Na bado hamkuishia hapo. Aya inayofuata kwenye taarifa yenu inatangaza mkopo wa floti kwa mawakala watakaopungukiwa, kwa ada ya asilimia 1. Fedha hiyo ni ya wakala. Ameshaitoa mfukoni kumlipa mteja wenu, ninyi mmeikalia, kisha mnamkopesha kwa ada. Kamisheni yetu kwa malipo hayo ni asilimia 0.8. Milioni nne zinampa mama yule shilingi 32,000, na mkopo wa kiasi hicho utamtoza 40,000. Atafanya kazi kutwa nzima, juani, na kumalizia akiwa na hasara ya shilingi 8,000. Nimepiga hesabu hiyo mara tatu nikitumaini nimekosea.

Afisa niliyemkuta kwenye meza yenu siku ya Alhamisi aliniambia tatizo ni kubadilisha yuro kuwa shilingi. Mbona kwa miaka minne ilibadilishwa siku hiyo hiyo? Hapo hapo kwenu, tangu 9 Oktoba 2025 benki za kanda ya yuro zinalazimika kutoa huduma ya kutuma malipo ya papo kwa papo, ndani ya sekunde 10. Huku kwetu TIPS ipo. Siku mbili hizo hazitoki kwenye mitambo ya Ulaya wala ya Tanzania. Kama zinatoka kwenye mahesabu yenu ya ndani, tuambieni hivyo, tujadiliane kama watu wazima.

Jioni ya Jumatano nilikula na wakala mkuu wa Kampala na ndugu mmoja wa Bukavu. Tulizungumza Kiswahili, kila mmoja na cha kwao, tukaelewana vizuri. Wa Kampala naye barua yake ilichelewa, na kikao cha Jumanne kilimpita kama mimi. Wa Bukavu alikuwa ukumbini, lakini anasema maelezo yalitolewa kwa Kiingereza tupu bila mkalimani, na hapakuwa na kura wala kuinua mikono. Nimeomba ruhusa yao kuyaandika haya na wamenipa. Basi ni nani aliyeafiki?

Mkataba wetu unataka badiliko lolote la malipo litolewe kwa maandishi siku 60 kabla, na mshirika asaini. Taarifa ya mkutano si saini yangu. Kwa hiyo nadai yafuatayo: taarifa ile isahihishwe na itumwe upya kwa wote walioipokea, utaratibu wa siku mbili usianze Tanzania mpaka mzungumze nasi, kwa Kiswahili, nasi tukiwa na wiki mbili za kusoma karatasi kabla, na gharama za usiku wa kwanza wa hoteli na za kubadilisha tiketi, ambazo risiti zake nimeambatanisha, zirudishwe. Barua za mwaliko wa mwakani tupeni miezi mitatu kabla.

Nisipopata majibu ya maandishi ifikapo 6 Julai, nitapeleka barua hii na viambatanisho vyake Benki Kuu ya Tanzania. Nasema hivyo bila furaha. Mwaka wa kwanza mlipokuja Mwanza niliwatembeza mwenyewe kibanda kwa kibanda, nikiwaambia mawakala wangu kwamba fedha ya kampuni hii hairudi kesho, inarudi leo. Waliniamini mimi. Jumamosi iliyopita mama wa Mwaloni ameniuliza kama maneno yale bado ni ya kweli, na nimemjibu nitamwambia nikishapata barua yenu.

Wenu katika kazi,

Wakala Mkuu,
Mwanza.

Nakala: Mawakala wote wa Kirumba, Igoma na Nyegezi.