Msomee Mama Kwanza

Chumbageni, Tanga
Jumapili usiku

Shoga yangu Mwanahamisi,

Assalaam alaykum. Huku hatujambo, watoto hawajambo, joto tu ndilo linalotutoa roho. Umeme umekatika tangu magharibi, naandika kwa taa ya kuchaji, basi ukikuta mwandiko umepinda nivumilie.

Najua utajiuliza barua ya nini na simu zipo. Jambo hili kwenye simu limenishinda. Kila nikikupigia namsikia mama pembeni, "Huyo si Zuhura? Nisalimie mwanangu," nami maneno yananikauka. Sasa pamoja na barua hii kondakta atakupa bahasha kubwa ya kaki. Ndani yake mna kitabu changu. Kimekwisha, Mwana! Nimekitoa kopi, wakakitia spairo, kurasa za mwisho wino umefifia kidogo lakini zinasomeka. Usikiache mezani, shemeji asije akaanza kukisoma kutoka nyuma kama afanyavyo na magazeti.

Ninachokuomba ni kimoja: umsomee mama. Chote, taratibu, kwa sauti, kabla hakijaenda mtamboni. Najua macho yake yakipona atajisomea mwenyewe, lakini mchapishaji hawezi kungoja hadi hapo, na mimi siwezi kukubali watu wa Pangani wakisome kabla yake yeye.

Maana utamtambua ukurasa wa kwanza tu. Jina nimebadilisha, nimemwita Mwanamvua. Kazi nimebadilisha, nimemfanya mkunga wa zahanati. Watoto nimempa wawili badala ya ninyi watano. Lakini Bweni ni Bweni, Pangani mjini ni Pangani mjini, mto katikati na pantoni yake, hivyo sikuvigusa. Hadithi inaanza siku anayotoka eda. Miezi minne na siku kumi zimetimia, anavuka kwenda mjini kununua sabuni, na yule mtu wa kufungua lango la pantoni anamwambia, "Karibu tena, bibie." Basi. Sura nzima hakitokei kingine.

Unakumbuka likizo zile nikija kwenu? Kila Ijumaa mama anagundua kuna kitu kimekwisha nyumbani. Leo chumvi, wiki ijayo uzi, wiki ya tatu chumvi tena. Sisi tukidhani ni msahaulifu. Tunavuka naye, baiskeli zimebanana, mbuzi wa watu, vikapu vya samaki, na Mzee, yule wa lango la pantoni, pale mbele anasalimia abiria wote sawasawa, ila akifika kwa mama anaishusha sauti. Mto wenyewe pale unavukwa kwa dakika chache tu. Miaka yote ile walikuwa na dakika chache hizo, mbele ya kadamnasi, na wakatosheka nazo mpaka siku walipooana. Nilipopata habari ya ndoa yao nilikuwa nimeshaanza kushona hapa Tanga. Niliacha kitambaa kwenye cherehani, nikakaa chini nikacheka, kisha nikalia. Tangu siku ile hadithi hii imekuwa ikinidai.

Kilichonisukuma hasa kuishika kalamu ni daraja. Nilikwenda Pangani kwenye harusi ya Asha nikaona nguzo zimesimama mtoni. Wanasema litakuwa na urefu wa mita 525, barabara iunganishe Tanga na Bagamoyo moja kwa moja. Na lije, kwa kweli. Wajawazito wa upande wa Bweni wameteseka sana usiku pantoni ikishalala. Lakini nilisimama pale nikawaza, gari litapita juu kwa nusu dakika na vioo vimefungwa, nani tena atamsubiri nani? Niliporudi nyumbani nikanunua kaunta buku siku hiyo hiyo.

Naandika kabla ya adhana ya alfajiri, nyumba ikiwa imelala. Mkono kwanza, kompyuta ya mtoto baadaye. Nikimaliza ukurasa nausoma kwa sauti, na sentensi ikinikwama ulimini naikata bila huruma. Nikikosa mahali pa kuendelea naweka taarabu za zamani za hapa kwetu, Black Star na Lucky Star, Shakila akiimba, kisha narudi. Mchana ndipo nakusanya maneno, maana mwanamke akishasimama kupimwa mwili anasema yote. Kuna mteja nilimpima kiuno akaniambia, "Niachie nafasi kidogo hapo, nina matarajio." Nikaliandika pembeni ya karatasi ya kukatia. Limo sura ya tisa.

Sasa nije kwenye linaloniuma. Mhariri amekipenda, alhamdulillahi, mkataba tumeshaanza kuuzungumza. Ila anataka Mwanamvua awe na miaka 22. Mimi nimempa 46. Anasema wasomaji wa mapenzi wanataka msichana. Na Mzee wetu wa pantoni anataka awe mwenye hoteli ya ufukweni. Nikamuuliza, mwenye hoteli atakuwa anafungua lango la pantoni kwa sababu gani? Akasema hilo tutaliangalia.

Mwana, haiwezekani. Msichana wa miaka 22 akipenda anatuma ujumbe kwenye simu. Mwanamke wa miaka 46 ana watoto wanaomtazama, ana mawifi wa mume aliyefariki, ana nyumba ambayo kila mtu anajiona ana neno ndani yake. Kuitikia salamu tu kwake ni uamuzi. Hapo ndipo ilipo hadithi yangu, na nikimpunguzia miaka nimeiua. Na tena hatakuwa mama. Nitakuwa nimemchukulia mto wake na pantoni yake nikampa mtu mwingine.

Wewe unajua vitabu nilivyokulia. Unakumbuka Rosa Mistika ya Kezilahabi, tuliposikia kwamba kiliwahi kupigwa marufuku mashuleni tukakivika jalada la Jiografia? Siku Njema ya Ken Walibora nilikisoma kwa wivu, Mkenya ameanzishia hadithi yake hapa hapa Tanga na sisi wenyewe tumelala. Vuta N'kuvute nimekirudia mara nyingi kwa ajili ya Unguja yake, ule mji unaousikia ukitembea. Lakini hebu angalia: Yasmin ni binti, mume aliyepewa ni mzee, na penzi analipata baada ya kumkimbia huyo mzee. Hadithi nzuri mno, siigusi. Ila mtu akishapita umri fulani, katika vitabu vingi nilivyosoma, anabaki kuwa mzazi anayekataza au kizuizi cha kurukwa. Nani ameandika kwamba na yeye moyo unamdunda akisikia lango la chuma linashuka?

Kitabu kilichonifundisha zaidi ni Nyota ya Rehema. Kimetoka 1976 na bado nakisoma polepole, kurasa mbili tatu kabla ya kulala. Rehema na Sulubu hawapeani maneno ya asali. Penzi lao unaliona shambani, kwenye jembe na jasho. Nilipoelewa hivyo nikafuta barua zote za mapenzi nilizokuwa nimemwandikia mtu wangu wa pantoni. Sasa anamwekea Mwanamvua ubao wa kukalia upande usiopigwa na jua, hasemi kitu. Nakuapia ubao ule unasema kuliko barua zote zile.

Na usidhani nasoma vya wakubwa tu. Hadithi za vipande wanazouza WhatsApp nazipenda na nalipia. Wale watu wanajua kukukatia pale pale roho ipo juu. Nimejifunza kwao: kila sura yangu inaishia pantoni ikiwa katikati ya maji. Rukia ananiambia niachane na mchapishaji niuze vipande hivyo hivyo, pesa mkononi. Labda kingine. Hiki nataka kiwe kitabu cha kushikwa, kiwekwe kabatini kwa mama.

Turudi kwa mama. Mwambie mimi nimechukua kule kusubiri kwao tu, mengine nimetunga. Sura ya kumi na moja, ile jioni ya mvua, hiyo nimeibuni yote, tafadhali mweleze mapema kabla hujaanza kuisoma. Akisema hapa toa, nitatoa. Akisema miaka isiwe 46, yeye ana haki hiyo, mhariri hana. Na akisema kisitoke kabisa... hapana, soma kwanza. Nitakaa na jibu lolote, lakini nataka litoke kinywani mwake, usinipambie.

Mzee bado hajui. Yeye nimemwachia mama aamue.

Sasa nijibu, na usinijibu nusunusu kama kawaida yako. Daktari amesema jicho la pili lini? Mama anaweza kukaa muda gani kusikiliza bila kuchoka? Wewe utaweza kusoma sura ya kumi na moja kwa sauti mbele ya mama yako mzazi, au nimtafute Rukia aje Morogoro akusaidie? Mzee bado anapiga simu kila jioni kumweleza habari za mbuzi? Kwenye ukurasa wa mbele niweke jina lake kamili, au niandike tu "kwa mama wa Bweni"? Jina la kitabu nililoweka pale juu unalionaje, maana mhariri naye ana lake? Mtoto wako matokeo yametoka? Na Salma, amerudi kwa mumewe au yale niliyosikia sokoni ni kweli?

Mhariri anataka neno langu kabla ya mwisho wa mwezi. Ukimaliza kusoma nipigie usiku, mama akishalala, kisha kesho yake mpe simu aseme mwenyewe.

Machungwa ni ya Muheza, mgawane. Dera la zambarau ni la mama. Nimelitia vifungo mbele chini mpaka juu, asilazimike kulipitisha kichwani akagusa jicho.

Wako,
Zuhura