Pande nne hazitoshi kujua ukubwa wa kiwanja

Mhariri, naomba nafasi kidogo niseme hili.

Juzi binti yangu wa form two kaniletea swali, ananiambia baba hili halitaki jibu linataka useme tu kama taarifa zinatosha. Mstatili, unatafutwa ukubwa wa eneo. Taarifa ya kwanza mzingo ni mita 140, ya pili ukipima kona kwa kona kukatisha katikati unapata 50. Mimi nikarukia kalamu nianze kupiga hesabu, akanizuia. Akasema mzingo peke yake hautoshi, inaweza kuwa 40 kwa 30 ambayo ni 1200, au 60 kwa 10 ambayo ni 600. Hiyo 50 peke yake pia inadanganya, maana 30 kwa 40 inatoa 50 na 14 kwa 48 nayo inatoa 50 hiyohiyo, ila eneo lake ni 672 tu. Ukiziweka zote mbili pamoja ndo jibu linabaki moja, 1200.

Nilinyamaza kwa aibu, coz mwaka juzi nilinunua kiwanja ambacho hakijapimwa na karatasi ya mauziano iliandikwa pande nne tu, 30, 40, 30, 40, dalali akasema hapo una skwea mita 1200 nami nikalipa kwa hesabu hiyo mashahidi wakasaini tukanywa soda. Siku ya msingi fundi kavuta futi kamba kona kwa kona, kona hizi 40, kona zile nyingine 58 na kitu. Pembe zingekuwa mraba, vipimo vyote viwili vingesoma 50. Yaani kiwanja kimelala kama boksi lililokanyagwa, pande ni zilezile ila eneo ni kama 1112, skwea mita 88 hivi hazipo! Na wala hakuna aliyedanganya kipimo chochote, pande zote ziko sawa kabisa.

Walimu wetu (na mimi nilisoma hivyohivyo) wanatufundisha kukokotoa tu, ukiona namba mbili zidisha, mchoro ukionekana umenyooka basi unachukulia ni mstatili wakati hakuna mahali pameandikwa. Maswali ya zinatosha au hazitoshi yawe mengi madarasani tafadhali. Na wenyeviti wa mitaa, kwenye zile karatasi zenu za mauziano ongezeni mstari mmoja tu, kona kwa kona ni mita ngapi.

Mzazi, Dar es Salaam