Barua ya wazi kwa madaktari wanagenzi: mshahara wenu ni wa miezi 12

Wanangu madaktari wa Kenya, mlio katika mwaka wa mafunzo kazini baada ya chuo,

Nimevumilia vya kutosha. Kila mwaka ni yale yale: mshahara unaingia, mwezi wa tatu gari limeegeshwa nje ya nyumba za madaktari, na kabla mwaka wa pili haujafika nusu, aliyelikopesha amekuja kulichukua. Nawaandikia nikiwa na hasira, kwa kuwa ni ninyi ndio mtakaotutibu.

Hizo shilingi 206,400 mnazolipwa kwa mwezi hazikutoka hewani. Ni kiwango cha mkataba wa pamoja wa 2017, baada ya mgomo wa siku 100 uliowapeleka viongozi wa chama cha madaktari jela. Mwaka 2024 serikali ilitaka kuwapa wanagenzi 70,000 kwa mwezi. Madaktari wakagoma siku 56, na hata hivyo kiwango kamili kikakubaliwa Desemba tu.

Sasa tupige hesabu. Kwa viwango vya 2025, SHIF (bima ya afya) ya asilimia 2.75 ni 5,676, ushuru wa nyumba wa asilimia 1.5 ni 3,096, na NSSF (akiba ya uzeeni) 4,320. Kinachosalia ndicho hutozwa PAYE, kodi ya mshahara, na hata ukipewa nafuu ya 2,400, mamlaka ya kodi, KRA, inaondoka na takriban 50,400. Mkononi unabaki na kama 143,000. HELB, bodi ya mikopo ya wanafunzi wa vyuo, haijabisha hodi bado.

Chukua gari la milioni moja. Umetanguliza 300,000, na 700,000 umekopa kwa miezi 36 kwa riba ya asilimia 18 kwa mwaka. Kila mwezi ni kama 25,300. Mtaniambia inalipika. Ndiyo, inalipika hadi mwezi wa kumi na mbili. Unagenzi ukiisha, mshahara unakatika, na hakuna aliyekuahidi kazi. Ukiwa ulianza kulipa mwezi wa nne, umemaliza awamu tisa. Zimebaki 27, yaani takriban 683,000, na huna hati ya mshahara. Kaunti hutangaza nafasi inapotaka, kisha kuna usaili, barua, na kungojea jina liingizwe kwenye malipo. Miezi inapita huku mkopo unahesabu.

Kwa hiyo weka 50,000 kila mwezi kuanzia mshahara wa kwanza, kabla ya kununua chochote. Mwisho wa mwaka una 600,000. Ukiishi kwa 60,000, hiyo ni miezi kumi ya kutafuta kazi bila kumpigia mtu magoti. Usiziweke zote Sacco. Amana za Sacco hazitoki upesi, na ukiwa umemdhamini mwenzako huweza kuzuiwa mpaka amalize deni lake. Na msidhaminiane ovyo, jamani! Mwenzako naye mshahara wake unakatika mwezi ule ule.

Ukipata leseni kamili utafanya lokamu, yaani kazi za muda katika hospitali nyingine. Hapa wengi huumia bila kujua. Tuseme umeajiriwa na kaunti, na hospitali ya binafsi inakulipa 60,000 zaidi kwa mwezi. Inakata asilimia 5, yaani 3,000, nawe unadhani kodi imekwisha. Haijaisha. Mshahara wako ulishafika kwenye asilimia 30, kwa hiyo kodi ya hizo 60,000 ni 18,000. Tofauti ni 15,000 kila mwezi, 180,000 kwa mwaka, na zinatakiwa kufikia Aprili 30 ya mwaka unaofuata. Ripoti ya kodi yenyewe mwisho wake ni Juni 30. Kila lokamu ikilipwa, tenga robo yake siku hiyo hiyo, na udai cheti cha kodi iliyokatwa.

HELB: ukiacha kulipa, faini ni 5,000 kwa mwezi. Barua za kuajiriwa, kuthibitishwa na kupandishwa cheo: tunza nakala zako mwenyewe, mafaili ya kaunti hupotea. Bima ya makosa ya kitaaluma: jikatie.

Ubingwa nao una pengo lake. Aliyeajiriwa akipewa likizo ya masomo huendelea kupata mshahara, lakini anafungwa kwa mkataba wa kuitumikia kaunti baadaye, basi usome kipengele cha adhabu kabla ya kutia sahihi. Anayejilipia hulipa karo huku akizungushwa wodini na zamu za usiku bila mshahara. Fedha za ubingwa zianze kutafutwa ukiwa daktari wa kawaida, si siku ya barua ya chuo. Na ukihitimu, kaunti inaweza kukuacha muda mrefu kwenye mshahara wa zamani huku ikikutumia kama bingwa. Andika ombi la kubadilishiwa cheo mara tu KMPDC, baraza linalosajili madaktari, linapokutambua kuwa bingwa, na upate nakala yenye muhuri wa kupokelewa.

Nanyi wazazi, mnawaponza watoto hawa. Kijana hajalipwa hata mshahara mmoja, jina lake tayari liko kwenye kadi ya harambee kama mgeni wa heshima. Mwacheni apumue.

Na ninyi wa kaunti: mwanagenzi wa jana ndiye daktari mnayemlilia kila siku kwamba hatoshi. Yuko nyumbani ana leseni mfukoni. Tangazeni nafasi kabla miezi yake 12 haijaisha, na mlipe mwezi ule anaoanza kazi.