Korosho zilizobaki kwenye ungo

Shangani, Mtwara
Alhamisi usiku

Mpendwa Somoe,

Salamu zikufikie wewe, mtoto na wote hapo Lindi. Sisi hatujambo, joto tu ndilo linatuadhibu.

Mwenzangu, tangu niondoke kwako ule ungo wa korosho haunitoki. Wewe niliyekuwa nakuonea wivu kwa kubangua, mikono umeipaka majivu mafuta ya ganda yasikuunguze, na maneno hayakatiki mdomoni! Leo zimekaa wiki mbili mlangoni mpaka sisimizi wamejichongea njia. Ukaniambia, "Nazitazama tu. Mkono hauendi." Na muuguzi uliyemweleza akakujibu kwamba uzazi umekudekeza. Mimi ninayesomea kazi hiyo hiyo niliona aibu kwa niaba yake.

Siku ile nilinyamaza kwa kuwa nilitaka nikasome kwanza.

Kwenye gamba la ubongo, karibu seli moja ya neva kati ya tano kazi yake ni kunyamazisha wenzake. Hutoa kemikali iitwayo GABA, na seli inayoipokea hutulia. Nilidhani ubongo mzuri ni ule unaowaka kote kote. Kumbe ni kama ngoma: wote wakipiga bila kupokezana, mchezaji atafuata nini? Unyamazishaji huo ukishindwa vibaya, mtu anaweza kuanguka kifafa, ndiyo maana fenobabitali wanayopewa wagonjwa hao huiongezea GABA nguvu.

Lililonigusa zaidi ni la hamu. Ndani kabisa, chini, kuna seli zinazotoa dopamini, ile inayokuinua ukafuate kitu. Jirani zao ni seli za kuzuia. Mwaka 2007 Matsumoto na Hikosaka walichapisha utafiti wao juu ya kima: mnyama akitegemea zawadi akaikosa, kijisehemu kiitwacho habenula huchangamka, na seli za dopamini hupoa. Tena habenula huwatuma wengine, kwa kuziamsha seli za GABA, nazo ndizo zinazobana.

Na kubana huko kuna faida. Umeshuka pwani kununua samaki, mara tatu unakuta mabeseni matupu. Ya nne miguu inakuwa mizito, na ni haki yake. Taabu ni pale mbano usipolegea hata samaki wakirudi. Panya waliowekwa katika hali inayofanana na sonona, ule ugonjwa wa huzuni na kukosa hamu, wameonekana habenula zao zikifanya kazi kupita kiasi. Nikakumbuka: "Mkono hauendi."

Halafu kuna la uzazi. Mimba ikikua, mwili hutengeneza kwa wingi alopregnanoloni, kitu kinachotokana na homoni ya projesteroni, nacho huisaidia GABA kutuliza. Ukijifungua, hushuka ghafla. Hushuka kwa kila mzazi, ila inadhaniwa ubongo wa baadhi yetu hushindwa kuizoea ile tofauti. Marekani waliidhinisha dripu ya kitu hicho hicho mwaka 2019, kwa sonona ya baada ya kujifungua, na mwaka 2023 wakaidhinisha dawa ya kumeza ya jamii hiyo, ya siku 14. Huku kwetu sijaiona, lakini dawa nyingine za sonona zipo, na mazungumzo na mtaalamu pia hutibu. Sikuambii wewe ni kemikali tupu, maana hata usiku wa kukesha peke yako, baba mtoto yuko baharini, nao unahesabika.

Shangazi aliyekushauri uraka kidogo upate usingizi, nampenda, lakini usimsikilize. Pombe huigusa GABA hiyo hiyo, kwa hiyo utalala kweli. Ubongo ukishaizoea, ukiiacha mikono inatetemeka. Na mtoto ananyonya.

Kama umewahi kuwaza kujidhuru, au kumdhuru mtoto, usinisubiri mimi: mwamshe mama mkwe usiku huo huo mwende hospitali.

Kama si hivyo, Jumamosi nitapanda basi la alfajiri. Jumatatu tutakwenda wote hospitali ya mkoa, nami nitambeba mtoto uzungumze na daktari kwa nafasi. Mnazi Mmoja nitashuka kidogo kukununulia ming'oko. Ungo uache hapo hapo mlangoni. Majivu nakuja nayo.

Wako,
Zuhura